“Hadi” na “Kwa”: Kufasiri Vipimo vya Joto vya Nairobi ya Kikoloni

Makala haya yanachunguza tatizo limkabililo mfasiri wa nyaraka za kikoloni zihusuzo mitaa ya Eastlands, Nairobi. Joto la hewa lilikuwa na umuhimu katika uwanja wa ndege wa Eastleigh, uliohudumia abiria wa Nairobi hadi Embakasi ilipofunguliwa mwaka 1958. Joto la mwili lilikuwa na umuhimu katika hospitali ya wazazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926. Kipimo cha kawaida cha Waingereza wa enzi hizo kilikuwa Farenhaiti, kilichotangazwa mwaka 1724. Kipimo cha Selsiasi, cha mwaka 1742, kilienea nchini baada ya uhuru wa 1963, Kenya ilipoingia katika mfumo wa metriki.

Kanuni ya kubadili ni nyepesi: toa 32, zidisha kwa 5, kisha gawanya kwa 9. Hivyo 77 za Farenhaiti ni 25 za Selsiasi, na 104 ni 40. Tarakimu za namna hii hujitambulisha zenyewe hata pale ambapo karani hakutaja kipimo, kwani hakuna mchana wa Nairobi ufikao 77 za Selsiasi, wala mgonjwa aliye hai mwenye 104.

Taabu imo katika tofauti za joto. Chukuliwe mfano wa mzazi mwenye homa ya 104. Ikiandikwa kwamba homa ilishuka hadi 100, mfasiri hutoa 32 na kupata takriban 37.8. Ikiandikwa kwamba ilishuka kwa digrii 4, 32 haitolewi kamwe; jawabu ni digrii 2.2 hivi. Lakini 4 haijitambulishi. Mfasiri akiidhania kuwa ya Selsiasi, ataiondoa katika 40 na kubakiwa na 36: mzazi atakuwa amepona katika tafsiri, ilhali kitandani bado ana homa.

Kwa hiyo, vihusishi “hadi” na “kwa” ndivyo viamuavyo hesabu. Usemi wa kawaida, “homa imeshuka digrii 4”, huacha kihusishi na kumtegemea msikilizaji aliyekuwapo. Msomaji wa baadaye hana msaada huo. Yafaa basi mfasiri ahifadhi tarakimu ya asili, ataje kipimo chake, na kuandika badiliko kando yake.