Mgeni Uwanja wa Taifa

Nilifika Dar es Salaam mwaka 1993, mtoto kutoka mkoani, nikafikia kwa mjomba, Temeke. Wacheza chandimu wa mtaani hawakuniuliza jina, waliuliza, "Simba au Yanga?" Nikasema Simba, ili nipate namba.

Novemba mwaka huo Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan. Ugenini ilikuwa suluhu. Uwanja wa Taifa, pale pale ilipopandishwa bendera ya Uhuru mwaka 1961, tukalala 2-0. Nililia kama mzaliwa wa Msimbazi. Mjomba, Yanga damu, alinyamaza hadi nyumbani, ndipo akacheka.

Ilipita miaka 30 ndipo klabu nyingine ya Tanzania ikafika fainali ya Afrika: Yanga, mwaka 2023. Nayo ikakosa kombe. Nilimpigia mjomba simu, hakupokea.