Claire Max na Nyota ya Leza

Claire Max, aliyezaliwa mwaka 1946, ni mwanafizikia na mwanaastronomia wa Marekani. Anajulikana hasa kwa kazi yake katika optiki rekebishi, yaani ufundi wa kusafisha picha za darubini zinazovurugwa na hewa.

Tatizo. Tia sarafu ndani ya beseni la maji, kisha uyatikise. Sarafu imetulia, ila sura yake inacheza na kukatikakatika. Mwanga wa nyota nao huyumbishwa hivyo na hewa ya joto na ya baridi inapochanganyika. Ndiyo maana nyota humetameta. Kwa sababu hiyo, darubini ya ardhini yenye kioo cha mita 10 hukusanya mwanga mwingi, lakini isiporekebishwa haipambanui mambo madogo vizuri zaidi kuliko darubini ya sentimita 20 hivi.

Dawa yake. Mwaka 1953 Horace Babcock alipendekeza mvurugiko huo upimwe na kusahihishwa papo hapo. Katika mitambo ya leo, kihisi hupima jinsi mwanga ulivyopinda, kompyuta hupiga hesabu, na kioo chembamba husukumwa na kuvutwa kwa nyuma, mara mamia kwa sekunde, hadi mwanga unyooke.

Mchango wa Max. Kihisi huhitaji nyota angavu ya kupimia, na sehemu kubwa ya anga haina nyota kama hiyo. Katika miaka ya 1980, Max na wenzake wa JASON, jopo la wanasayansi washauri wa serikali ya Marekani, walishughulikia njia ya kuitengeneza: leza humulika tabaka la sodiamu lililo kilomita 90 hivi juu, na sodiamu hiyo hung'aa kwa rangi ya manjano. Utafiti huo ulikuwa siri ya kijeshi hadi mwaka 1991. Baadaye Max na timu ya maabara ya Livermore waliijaribu njia hiyo kwenye darubini ya mita 3 ya Lick, California, na mwaka 1996 picha zikaboreka. Darubini ya Keck, Hawaii, nayo ikapata leza yake. Kwa miaka mingi watu walisimama nje kwenye baridi ya mlima wakichunga ndege, ili leza izimwe ndege ikikaribia.

Matunda. Kwa kutumia Keck, mwaka 2007 Max na wenzake walibainisha mahali yalipo mashimo meusi mawili ndani ya NGC 6240, galaksi mbili zinazoungana.

Kioo kikubwa pekee hakikutosha kuyaona. Ilibidi kwanza hewa ishindwe.