Nyakato hadi Nairobi kwa gari la umeme: hesabu za kufanya kabla ya kutoka

Anayetafuta YouTube ushauri wa safari ndefu ya majira ya baridi kwa gari la umeme huishia Norway. Mwaka 2024 huko, karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, na mabishano ya madereva ni ya theluji, hita, na betri inayopoteza robo ya umbali wake au zaidi kwenye baridi kali.

Kwa mkazi wa Nyakato, kaskazini ni barabara inayopita karibu na mlango wake: Igoma, Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda, Tarime, Sirari, kisha Kenya. Kipupwe cha Juni hadi Agosti ni wakati mzuri wa kuifuata kwa sababu mvua zimekata. Baridi yenyewe haitishi. Usiku wa Julai Mwanza haushuki sana chini ya nyuzi 15, na kwa betri hilo ni jambo dogo.

Kinachoamua safari hii ni soketi ya gesti.

Usiku mmoja, kilomita 140

Mfano mzuri ni gari ambalo mtu wa kipato cha kati anaweza kuliagiza: Nissan Leaf iliyotumika Japan, yenye betri ya kilowati-saa 40. Kilowati-saa moja ndiyo ileile "uniti" ya LUKU, kwa hiyo hapa itaitwa uniti tu.

Uniti 40 ni za kwenye karatasi. Betri iliyokwishatumika miaka kadhaa inaweza kubaki na uniti 33 za kutembelea. Kwenye lami, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hilo hutumia kama uniti 16 kwa kila kilomita 100. Maana yake ni kilomita 206 mpaka liishe kabisa. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayepanga mpaka liishe, kwa hiyo ikiachwa akiba ya asilimia 20, zinabaki kilomita 165.

Hesabu ya pili ndiyo wengi huisahau. Chaja ndogo ya kubeba, ile inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, kwa kawaida huvuta ampea 10. Kwa volti 230, hiyo ni kilowati 2.3. Dereva akichomeka saa 12 jioni na kuchomoa saa 11 alfajiri, ukuta umetoa uniti 25 hivi. Sehemu kidogo hupotea kama joto njiani, na zinazoingia kwenye betri ni kama 22. Hizo ni kilomita 140.

Kwa hiyo betri inaruhusu 165 kwa siku, lakini usiku unarudisha 140. Anayepanga kwa kutumia namba ya kwanza ataanza siku ya pili akiwa na upungufu, na ya tatu atakuwa pembeni ya barabara na familia ndani ya gari.

Nyakato hadi Nairobi ni takribani kilomita 700. Basi huzimaliza kwa kama siku moja. Gari hili, kwa soketi za kawaida, linahitaji siku tano na usiku nne.

Pesa je? Mteja wa kawaida wa TANESCO wa kundi la T1 hulipa karibu shilingi 356 kwa uniti, kodi zikiwemo. Usiku mmoja wa uniti 25 ni kama shilingi 9,000. Safari nzima, pamoja na kujaza nyumbani kabla ya kutoka, ingegharimu kama 50,000 kwa bei hiyo. Gari la petroli linalotumia lita 7 kwa kilomita 100 lingekunywa lita 49. Lita ikiwa shilingi 3,000, hiyo ni 147,000. Tofauti inapendeza, ila gesti nne za njiani zinaila yote. Ukweli ni kwamba gari la umeme linaokoa pesa kwenye mizunguko ya kila siku ya Buzuruga, Igoma na mjini. Kwenye safari ya Nairobi, anayelipanda awe anataka safari yenyewe.

Na kwa nyumba iliyo kwenye kundi la D1, lile la watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi: gari likianza kuchajiwa hapo, hiyo nafuu imekwisha.

Mgawanyo wa njia

Kituo cha kwanza cha kulala ni Bunda, kama kilomita 140 kutoka Nyakato. Njia ni tambarare, na matuta pamoja na vibao vya 50 kwenye kila senta huwa msaada: gari la umeme hutumia kidogo zaidi likienda taratibu, na kila breki hurudisha umeme kidogo kwenye betri. Kishawishi ni ile mistari mirefu kati ya Magu na Lamadi. Kutoka 80 kwenda 100 kwa saa huongeza matumizi kwa robo au zaidi, na 165 inageuka kuwa 130 bila dereva kuelewa imeendaje.

Siku ya pili ni Bunda hadi Tarime au Sirari, kupitia Makutano na daraja la Kirumi kwenye mto Mara. Hapa ardhi inaanza kuinuka. Musoma iko nje kidogo ya njia. Mwenye ndugu huko anaweza kulala, lakini anaongeza kilomita za kuingia na kutoka.

Kupanda kunaogopwa kuliko inavyostahili. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Kisii iko karibu mita 1,700. Kuliinua gari la tani 1.9 pamoja na watu wake kwa tofauti hiyo kunakula kama uniti 3, sawa na kilomita 18 za tambarare. Ni za kuhesabu, ila si za kukatisha tamaa. Mlima wa Maai Mahiu kabla ya Limuru nao ni vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba unakuja mwishoni, siku ambayo betri haina ziada, na asubuhi ya Julai Limuru ni baridi ya kweli. Hita itawashwa tu. Kwa hiyo usiku wa mwisho ulale Narok, takribani kilomita 140 kabla ya Nairobi, na gari litoke hapo limejaa.

Kati ya mpaka na Narok kuna Migori, Kisii na Bomet. Soketi za Kenya ni zilezile za pini tatu za mraba, kwa hiyo chaja ya Tanzania inaingia bila adapta.

Gesti: maswali ya kuuliza kwa simu

"Mna parking?" halitoshi. Swali la kwanza ni kama gari linaweza kufika mita chache kutoka kwenye soketi. Swali la pili ni ethi. Chaja ya gari la umeme hukagua waya wa ardhini kabla ya kuanza, na isipouona inakataa, taa nyekundu, basi. Nyumba nyingi zina soketi ya matundu matatu ambayo tundu la ethi halijaungwa popote. Kipimo kidogo cha soketi, kile chenye taa tatu kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, kinamaliza ubishi kwa sekunde moja.

La tatu ni usalama wa moto, na hapa hakuna mzaha. Pasi huvuta umeme mwingi kwa dakika kumi. Birika kwa dakika tano. Gari linavuta ampea 10 kwa saa 11 mfululizo. Soketi iliyolegea, waya mwembamba au ekstensheni ya bei rahisi iliyoviringishwa vitapata moto wakati watu wamelala. Dereva achomeke, asubiri dakika 30, kisha aguse plagi kwa mkono. Ikiwa ya uvuguvugu, sawa. Ikiwa haishikiki, achomoe na atafute soketi nyingine, hata kama ni saa nne usiku. Ekstensheni, kama ni lazima, iwe ya waya mnene na ikunjuliwe yote. Chaja nyingi zinaruhusu kupunguza hadi ampea 8 au 6. Usiku unarudisha kilomita chache, ila gesti inabaki imesimama.

Malipo yakubaliwe kabla. Njia ya haki ni kusoma mita jioni na asubuhi, ingawa vyumba vingine pia vinakula umeme huohuo. Njia rahisi ni kumnunulia mwenye gesti LUKU ya uniti 30 mbele ya macho yake. Inaondoa pia hatari ya tokeni kuisha saa saba usiku na gari kukaa limechomekwa bure hadi asubuhi.

Umeme ukikatika

Nyakato inajua habari za mgao. Mtambo wa TANESCO wa mafuta mazito, wa zaidi ya megawati 60, uko hapohapo Nyakato, na ulijengwa kuipunguzia Kanda ya Ziwa makali ya uhaba. Leo uzalishaji nchini ni mkubwa kuliko wakati ule: Bwawa la Mwalimu Nyerere pekee lina mitambo 9 yenye jumla ya megawati 2,115. Lakini nguzo ikianguka Bunda, megawati za Rufiji hazisaidii.

Umeme ukikatika saa nne usiku mmoja, dereva amepoteza kama kilomita 50. Kwa hiyo ratiba iwe na siku moja ya ziada ambayo haijapangiwa kitu. Jenereta ndogo ya gesti haitoshi kwa kazi hii, na nyingi hazina ethi hata hivyo. Wazo la kuomba umeme wa fezi tatu kwenye mashine ya kusaga nalo halisaidii sana kwa Leaf za soko la Japan, kwani nyingi hupokea karibu kilowati 3 tu kwa umeme wa kawaida, hata zikiunganishwa na mkondo mkubwa kiasi gani.

Umeme wa jua unawezekana kwa chombo chepesi. Mwaka 2024 pikipiki ya umeme ya kampuni ya Roam ya Nairobi ilikwenda hadi Stellenbosch, Afrika Kusini, kama kilomita 6,000, kwa umeme wa jua. Gari la tani moja na nusu lingehitaji paneli nyingi kuliko paa lake linavyoweza kubeba.

Plagi zisizoelewana

Vituo vya kuchaji haraka vipo, Nairobi hasa, lakini kuwepo kwa kituo na gari kuchaji ni mambo mawili. Leaf ya Japan hutumia plagi ya CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Magari yaliyoletwa moja kwa moja kutoka soko la China hutumia GB/T. Ya Ulaya hutumia CCS2. Kabla ya kuweka kituo chochote kwenye mpango, dereva apige simu na kuuliza aina ya plagi na kama mashine inafanya kazi wiki hii. Kati ya Nyakato na Sirari, mpango salama ni ule unaodhani hakuna kituo kabisa; kikipatikana, ni bahati.

Leaf ina jambo lake jingine: betri yake haipozwi kwa maji. Ikishapata joto la safari na kupewa chaji ya haraka zaidi ya mara moja kwa siku, gari lenyewe hupunguza kasi ya kupokea umeme.

Waya wa chaja uliokuja na gari kutoka Japan umetengenezwa kwa volti 200, na ya nyumbani kule ni 100. Usichomekwe hapa kabla fundi umeme hajausoma.

Likizima njiani

Gari la petroli likiishiwa, boda inaleta dumu. La umeme halina dumu. Wala lisivutwe kwa kamba magurudumu ya kuendesha yakiwa chini. Mota huzunguka na kuzalisha umeme, na uharibifu wake ni ghali. Linabebwa juu ya gari la mizigo au winchi yenye kitanda. Namba ya mtu mwenye gari hilo Bunda na Tarime iwe kwenye simu kabla ya kutoka.

Kabla ya kudhani betri kubwa imekufa, iangaliwe ile ndogo ya volti 12. Ikiisha, gari haliwaki kabisa hata kama kubwa imejaa, na hiyo hubustiwa kama gari lolote.

Makaratasi ni yaleyale ya gari lolote: pasi ya kusafiria, kadi ya gari, bima ya kadi ya njano, na kibali cha muda cha gari upande wa Kenya. Foleni ya Sirari haimalizi chaji. Gari lililosimama halitumii karibu chochote.

Jaribio la kufanya Jumapili moja kabla ni Nyakato hadi Magu na kurudi, kama kilomita 110, mzigo na watu walewale wa safari, kiyoyozi kikiwashwa kama kitakavyowashwa. Betri iliyotoka imejaa irudi Igoma ikiwa na karibu asilimia 45. Ikirudi na 30, Bunda itafikiwa kwa kubahatisha, na usiku wa kwanza inabidi uhamie Lamadi.