Samaki Walioletwa Ziwani na Wale Waliowakuta

Mtu asafiriye kwa gari kutoka Malaba kwenda Busia huvuka mgongo wa nchi pasipo kuutambua. Maji ya upande wa Malaba huingia katika mto wenye jina hilo, nao huelekea Uganda mpaka Mto Mpologoma na Ziwa Kyoga. Maji ya upande wa Busia huingia Mto Sio, ambao kwa sehemu ya mwendo wake ndio mpaka wa Kenya na Uganda, nao huishia katika Ziwa Victoria karibu na Sio Port. Lakini maji yaliyoachana hapo hukutana tena mbali. Mto Nile hutoka Ziwa Victoria pale Jinja, hupita Kyoga, kisha huanguka kwa kishindo katika Maporomoko ya Murchison kabla ya kufika Ziwa Albert.

Maporomoko hayo ndiyo yaliyokuwa mlango uliofungwa. Chini yake aliishi sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, samaki mla samaki awezaye kupita kilo 100. Juu yake, katika Kyoga na Victoria, hakuwapo. Samaki wa huko juu walikuwa wamezoeana kwa maelfu ya miaka bila yeye.

Nao walikuwa wengi ajabu. Kulikuwa na ngege na mbiru, kambare, kamongo apumuaye hewa, ningu, na dagaa ambao watu wa Busia huwaita omena. Zaidi ya hao wote walikuwako fulu, samaki wadogo wenye rangi nzuri, ambao wataalamu wamekisia kuwa walikuwa aina zaidi ya 500. Kila aina ilikuwa na chakula chake. Wako waliovunja konokono kwa meno, waliokwangua ukungu wa kijani juu ya mawe, waliokula wadudu, waliokula majani, hata wako waliokula mayai na vifaranga vya fulu wenzao. Mtaalamu wa Kiingereza, Humphry Greenwood, alikaa Jinja katika miaka ya 1950 akiwachunguza, na kazi ya kuwaeleza mmoja mmoja ikamchukua miaka mingi baadaye.

Mabadiliko yalianza kwa nyavu. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na mnamo mwaka wa 1905 nyavu za nyuzi za kitani zikaletwa ziwani. Soko likakua, ngege wakapungua. Mwaka wa 1927 Michael Graham alitumwa kuchunguza uvuvi wa ziwa, na katika taarifa yake, iliyochapishwa mwaka wa 1929, alionya kwamba kumleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine ni hatari kubwa, wala lisifanywe ila baada ya uchunguzi mrefu.

Watu wa Bunyala waliyaona madhara ya nyavu karibu na nyumbani. Ningu alikuwa na desturi ya kupanda Mto Nzoia wakati wa mvua ili kutaga, na wenyeji walimtega mtoni kwa mitego ya kusukwa. Nyavu zilipotandazwa mitoni na penye midomo yake, ningu walikamatwa kabla hawajataga, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 uvuvi huo ulikuwa umeanguka, pamoja na ufundi wa mitego yenyewe. Kwa maoni yangu hasara ya ufundi ule haijapata kuhesabiwa ipasavyo.

Basi samaki walipopungua, watu wa serikali hawakupunguza nyavu, bali walitafuta samaki wengine wa kuongeza. Tangu mwaka wa 1953 aliletwa samaki wa jamaa ya ngege aitwaye zilii, mla majani ya majini, kwa kuwa ilionekana kwamba majani yale yapo bure na hakuna ngege ayalaye. Aliletwa pia sato wa Mto Nile. Hesabu hiyo ilikuwa nzuri kwenye karatasi, lakini haikuuliza zilii atalea wapi watoto wake. Alilea penye maji machache ya ufukoni, mahali pale pale pa watoto wa mbiru, na mbiru wakasongwa. Sato naye alichanganya damu na ngege wa asili. Leo mtu anunuapo ngege katika soko la Busia, mara nyingi apewaye ni sato aliyerithi jina.

Juu ya sangara palikuwa na mabishano makali. Waliomtaka walisema kwamba fulu ni wadogo, wana miiba, bei yao ni ndogo. Afadhali wageuzwe nyama ya samaki mkubwa. Mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika mwaka wa 1960 kupinga. Alieleza kwamba mla nyama hutumia kilo nyingi za samaki wadogo ili kuongeza kilo moja ya mwili wake, na ya kwamba samaki akiisha kutiwa katika ziwa kubwa kama lile, hakuna awezaye kumtoa. Mabishano yakiendelea, samaki mwenyewe alikuwa amekwisha kuingia: sangara alitiwa majini kwa siri karibu na Jinja mnamo mwaka wa 1954, na mwaka wa 1960 akaonekana nyavuni. Kisha akatiwa waziwazi, Entebbe mwaka wa 1962 na Kisumu mwaka wa 1963.

Kwa muda wa miaka ishirini hivi haukuonekana msiba. Uchunguzi wa mwaka wa 1969 hadi 1971 ulionyesha kwamba fulu bado walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ziwani. Halafu, katika miaka ya 1980, sangara walijaa ghafula na fulu wakatoweka nyavuni. Yakisiwa kuwa aina 200 hivi zilipotea. Ni haki kusema kwamba sangara alileta fedha nyingi: viwanda vilijengwa, minofu ikapelekwa Ulaya, na wavuvi wa Port Victoria wakapata kipato wasichokijua awali. Lakini ana mafuta mengi, hakauki vema juani kama ngege na fulu. Hubanikwa kwa moto, na moto hutaka kuni. Wachuuzi wengi walibaki na mifupa iliyotoka viwandani, ile iitwayo mgongo wazi.

Kwa upande wa mimea, habari ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Gugu maji ni mmea wa Amerika ya Kusini, uliosafirishwa duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake katika vidimbwi vya bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 lilifunga ghuba na bandari hata mitumbwi ikashindwa kutoka, mpaka wakaletwa wadudu walilao, nalo likapungua pasipo kwisha. Mmea wa asili, yaani mafunjo, una kazi nyingine kabisa. Maji yaliyo katikati ya mashina yake yana hewa kidogo, nayo humchosha sangara. Fulu wengi huvumilia, hujificha humo na kupona.

Tena maji yenyewe yalichafuka kwa udongo na mbolea ya mashamba. Mwaka wa 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba fulu jike huchagua dume kwa rangi; maji yakiwa na giza, rangi haionekani, na aina mbili huchanganyika zikawa moja.

Ewe mwanafunzi, ukitaka kufuga samaki katika tangi la kioo shuleni kwako, utakutana na maswali yale yale kwa kipimo kidogo. Samaki awezaye kuingia kinywani mwa mwenzake ataingia. Kambare hafai kukaa na fulu, ingawa katika bwawa la shamba hutiwa makusudi pamoja na sato, maana sato huzaana mno na kambare huwapunguza watoto wao. Zilii atakula majani yote. Fulu dume hupigana. Yafaa dume mmoja kwa majike kadhaa, na mawe ya kujificha. Aina mbili zifananazo zisitiwe pamoja, zisije zikazaa mchanganyiko. Gugu maji lisiguswe, na maji ya tangi yasimwagwe katika Sio wala Malaba.

Katika miaka ya 1990 majumba ya samaki ya Ulaya na Marekani yalianza kuzalisha fulu katika matangi ya namna hiyo, ili aina zilizosalia zisife zote. Mmoja wa fulu apendwaye sana na wafugaji wa huko ana rangi ya kijani, nyekundu na manjano, na Greenwood alimwandika mwaka wa 1966 kwa jina la Kigiriki lenye maana ya mla mimea. Samaki huyo bado yumo katika Ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala, kusini ya Bunyala, pamoja na ngege wa asili. Kanyaboli ni ziwa dogo lililozungukwa na mafunjo, na sangara hajaingia humo.