Musanda: uchumi wa miwa na dini

Musanda ni wadi ya Mumias Magharibi, Kaunti ya Kakamega, katika nchi ya Wawanga. Miwa iliyoanza kulimwa kwa ajili ya kiwanda cha sukari miaka ya 1970 iliingiza fedha taslimu kwa kasi, ikabadili maisha ya dini bila kuwatoa watu katika dini.

Dini kabla ya kiwanda

Wawanga walimwomba Mungu wao, Were, na kuwaenzi wahenga. Uislamu uliletwa na wafanyabiashara Waswahili karne ya 19, naye mfalme wao, Nabongo Mumia, aliyefariki 1949, alisilimu. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walifika Mumias 1904.

Miwa na mamlaka ya nyumbani

Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa 1971, na kiwanda kikaanza kusaga 1973 chini ya usimamizi wa Booker ya Uingereza. Kampuni ilimlimia mkulima, ikampa mbegu na mbolea, ikavuna na kusafirisha, kisha ikakata gharama hizo zote kwenye malipo yake. Kwa kuwa miwa ya kwanza huchukua miezi 18 hadi 24 kukomaa, aliyekaa muda wote huo bila senti ya shamba alipokea kitita kwa mkupuo. Mkataba na kampuni ulibeba jina la mwenye ardhi, kwa kawaida mwanamume. Mke na watoto waliopalilia hawakuwemo, na huo ulikuwa udhalimu mzito. Wazee wa ukoo, waliokuwa wakiamua mambo ya ardhi na matambiko pamoja, walipoteza sehemu ya kauli yao kwa karatasi hiyo ya mkataba. Wimbi, nafaka ya pombe ya matambiko, lilipungua mashambani miwa ilipoenea.

Ibada na fedha

Sadaka na harambee za kujenga makanisa na misikiti zilifuata malipo ya miwa, na nyakati hizohizo wahubiri walikemea ulevi na ndoa za haraka. Nadharia mashuhuri ya Ulaya kwamba ustawi hudhoofisha dini haielezi vyema hali ya hapa: kilichodhoofika zaidi ni tambiko la ukoo, ilhali kanisa na msikiti vilipata nguvu.

Kuporomoka

Madeni yaliilemea kampuni, wakulima wakacheleweshewa malipo, na 2019 benki ya KCB ikaiweka chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi wa mali kwa niaba ya mdai. Desemba 2021 ilikodishwa kwa Sarrai Group ya Uganda, na usagaji ukarejea 2022.