Watoto Mwanza Kila Likizo, Bujora Mnapita Tu?

Familia za Bariadi zikipeleka watoto kutembea Mwanza, ratiba ni ileile: Lamadi, Magu, halafu picha kwenye Jiwe la Bismarck na maduka ya Rock City. Kisesa inapitwa kasi, wakati pale Bujora kuna Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na padri mmoja wa Kanada. Ngoma za watemi zimo humo. Utemi wenyewe ulifutwa 1963.

Ila kinachowanasa watoto ni hesabu. Zamani kila rika la Wasukuma lilikuwa na maneno yake ya kuhesabu moja mpaka kumi. Ukihesabu tu, umejulikana rika lako! Leo wa kuuliza labda ni bibi, na safari zikipangwa bibi ndiye anayeachwa nyumbani.

Halafu kuna bifu la karne ya 19. Inasimuliwa waganga wawili walibishana dawa ya nani kali. Wakakubaliana kucheza ngoma siku moja, atakayejaza watu ndiye mshindi. Wafuasi wao, Bagika na Bagalu, mpaka leo wanashindana Bujora kila Juni kwenye Bulabo, wengine na chatu mkononi.