Mtu wa Pikseli Nane

Mpwa wangu anataka kwenda chuo kikuu kusomea sanaa ya gemu. Si kucheza, kuchora. Anataka kujua vile mtu wa kwenye skrini huchorwa hadi akatembea, vile ukuta hupakwa rangi ukaonekana umenyeshewa miaka kumi, vile jiji zima hupangwa ili mchezaji asipotee. Dada yangu alinipigia simu usiku mmoja akanipa kazi. "Wewe ndiye anakusikiliza," akasema. "Mwambie aweke uhasibu. Hizo gemu atachezea nyumbani."

Nilikubali upesi, kama mtu anavyokubali jambo asilokusudia kulifanya. Ningemwambia nini mtoto huyu, mimi niliyemaliza nauli ya shule katika vibanda vya PlayStation, kisha nikatembea kutoka Umoja hadi Buruburu tumbo likilia? San Andreas niliijua kuliko Eastlands. Nilijua kichochoro gani kinatokea wapi. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyeketi akakichora hicho kichochoro. Nilidhani tu ni Wamarekani, si kila mtu mle ndani anaongea Kimarekani? Kumbe gemu ile ya 2004 ilitengenezwa Edinburgh, Scotland. Na ukiufuata ukoo wa kampuni iliyoitengeneza, unafika Dundee, mji wa bandari ulio kaskazini, mwendo wa saa moja na kitu kwa treni. Mji huohuo ndio wenye chuo kikuu kilichotoa shahada ya kwanza duniani ya gemu za kompyuta, mwaka 1997. Kabla sijamjibu dada yangu nilitaka kujua hiyo shahada ni mtoto wa nani.

Ni mtoto wa magunia. Au tuseme, magunia ni babu yake.

Katika karne ya 19 Dundee iliishi kwa gunia. Meli zilileta nyuzi za juti kutoka Bengal, na juti ni ngumu, haifumiki hadi ilainishwe kwa maji na mafuta ya nyangumi. Bahati ya Dundee ni kwamba ilikuwa pia bandari ya wawindaji wa nyangumi. Viwanda vilijaa wanawake na watoto. Katika nyumba nyingi mama ndiye aliyeleta mshahara na baba akabaki na sufuria. Kisha kazi ikahamia Bengal kwenyewe, kwenye juti na vibarua wa bei ya chini, na viwanda vya Dundee vikafungwa kimoja baada ya kingine hadi vikaisha kabisa.

Mji huo ulikuwa na kazi nyingine ambayo wanaosimulia historia ya gemu huipita mbio, nami sioni kwa nini. Kampuni ya DC Thomson ilichapisha hapo vitabu vya katuni vya watoto, The Dandy kuanzia 1937 na The Beano kuanzia 1938. Fikiria maana yake. Kila wiki, miaka nenda miaka rudi, kulikuwa na watu mjini wanaolipwa kuhakikisha kuna vikatuni vidogo ndani ya visanduku vidogo, na kila kikatuni lazima kieleweke kwa mtoto wa miaka saba kwa kutazama mara moja tu. Katika mji kama huo, mtoto akisema anataka kuchora, angalau kuna jengo la kumwonyesha kwa kidole. Sisi tungeonyesha jengo gani?

Baada ya vita, mwaka 1946, ikaja Timex, kampuni ya saa za mkono. Ikaajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake tena, wenye vidole vilivyozoea kazi ndogondogo. Saa zilipoanza kudorora, kiwanda kikapata kandarasi ya kuunganisha kompyuta za Sinclair. Ndiyo ilivyotokea kwamba ZX Spectrum, iliyoingia sokoni Aprili 1982 na kuuzwa kwa mamilioni, ilitoka mikononi mwa akina mama wa Dundee.

Mashine yenyewe ungeicheka. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 48 kwa ile kubwa. Picha moja ya shemeji yako akiwa harusini, inayokujia WhatsApp, inaimeza mara kadhaa. Skrini yake iligawanywa katika visanduku vya nukta nane kwa nane, na kila kisanduku kiliruhusiwa rangi mbili tu. Mchoraji aliyesahau sheria hiyo aliona shujaa wake mwekundu akigeuka kijani kila alipopita karibu na mti. Lakini mashine ilikuwa ya bei nafuu, na katika Dundee ilikuwa nafuu zaidi, kwa maana watu wa mji ule husimulia, wakicheka, kwamba si kila kompyuta iliyotoka kiwandani ilipitia dukani. Nyingine zilitoka chini ya koti. Simulizi iwe na chumvi ama isiwe nayo, watoto wa mji uliokuwa ukikosa kazi walijikuta na kompyuta chumbani.

Mmoja wa vijana wa Timex aliitwa David Jones. Kiwanda kilipopunguza watu alichukua malipo yake ya kuachishwa kazi, kiinua mgongo cha kijana ambaye hata mgongo haujaanza kuuma, akanunua Amiga. Akajiandikisha katika chuo cha ufundi cha mji, Dundee Institute of Technology. Ila wenzake wa kufanya nao kazi hakuwapata darasani. Aliwapata katika klabu ya kompyuta ya wapenzi tu, Kingsway: Russell Kay, Steve Hammond na Mike Dailly. Hakuna mtihani, hakuna cheti. Unakuja na mashine yako, unawaonyesha wengine ulichofanya, nao wanakwambia ukweli. Kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya DMA Design, mwishoni mwa miaka ya 1980.

Sasa tufike kwenye ile siku ninayoipenda.

Ni Agosti 1989. DMA wanatengeneza gemu ya vita yenye roboti kubwa linalotembea, na roboti linahitaji watu wadogo wa kulipua. Scott Johnston, mmoja wa wachoraji, anasema watu hao lazima wachorwe katika kisanduku cha nukta 16 kwa 16, la sivyo hawataonekana kuwa watu. Dailly anabisha. Anasema nane kwa nane inatosha. Saa ya chakula cha mchana inapita, Dailly anakaa na programu ya Deluxe Paint, na anaporudi ana safu ya vijitu vinavyopanda mlima mdogo kwa kufuatana, kisha vinapondwa na jiwe la uzani au kupigwa risasi, kimoja baada ya kingine, bila kujifunza lolote kutoka kwa mwenzake aliyetangulia.

Ofisi nzima inacheka. Gary Timmons anaichukua ile picha na kuirekebisha kidogo, anaondoa ukakamavu katika mwendo. Na Russell Kay, akiangalia, anasema humo kuna gemu.

Hebu chukua kalamu ujaribu. Kisanduku cha nane kwa nane ni nukta 64. Kichwa kinakula, mwili unakula, na unatakiwa mguu unyanyuke, nywele zirukeruke, na mtazamaji amwonee huruma. Rangi za kompyuta nyingi za ofisini wakati huo zilikuwa 16 tu, kwa hiyo nywele zikawa kijani na nguo buluu, si kwa falsafa yoyote, ni kwa sababu hizo ndizo zilizokuwepo. Gemu ikaitwa Lemmings, jina la panya wadogo wa nchi za baridi wanaosingiziwa kwamba hujitupa gengeni kwa kufuatana. Ilitoka tarehe 14 Februari 1991 na, kwa hesabu ya Dailly mwenyewe, ikauza nakala 55,000 siku ya kwanza. Gemu yao ya kwanza, Menace, ilikuwa imeuza 20,000 kwa maisha yake yote.

Yaliyofuata ni ya haraka. Mwaka 1993 wafanyakazi wa Timex waligoma, kukawa na vurugu langoni, na Agosti mwaka huo kiwanda kikafungwa moja kwa moja. Mwaka 1994 kile chuo cha ufundi kikapanda daraja na kuwa Chuo Kikuu cha Abertay. Mwaka 1997 DMA wakatoa gemu ya magari yanayoonekana kutoka juu, iitwayo Grand Theft Auto, na mwaka huohuo Abertay ikafungua mlango wa shahada yake.

Angalia mpangilio. Kiwanda kwanza, klabu ikafuata, kisha mabishano ya mchana, kisha pesa, na chuo kikuu mwisho kabisa, kikihema, kikiwa na fomu mkononi. Huwa tunadhani shule ndiyo inayoanzisha kazi. Hapa kazi ilikuwepo, inauza dunia nzima, na hapakuwa na mtu duniani mwenye shahada yake.

Na hata chuo kilipofika, hakikuanza na wachoraji. Shahada ile ya kwanza ilikuwa ya teknolojia: hesabu, uandishi wa programu, fizikia ya vitu vinavyoanguka. Shahada ya sanaa ya kompyuta ilikuja baadaye. Nadhani najua sababu. Hesabu unaweza kuisahihisha. Kalamu nyekundu itasema nini kuhusu kijitu kinachochekesha kwa sababu ya nukta moja iliyosogezwa kushoto? Dada yangu na wale waliopanga shahada ya kwanza wangeelewana sana.

Baadaye Abertay ilifanya jambo ambalo kwangu ndilo thamani yake. Ilianza kuwaweka wanafunzi katika vikundi mchanganyiko, mchoraji, mwandika programu, mtu wa sauti, na kuwapa muda usiotosha. Shindano lake, Dare to be Digital, lilichukua timu za wanafunzi watano na kuwafungia kiangazi kizima watoke na gemu inayochezeka, kisha umma ukaja kuicheza mbele yao. Ukiitazama vizuri hiyo ni Kingsway iliyowekewa karo. Wamejaribu kutengeneza kwa makusudi kile chumba ambamo Johnston anasema 16 na Dailly anasema nane.

Nisimfiche dada yangu upande wa pili. David Jones alianzisha kampuni nyingine Dundee, Realtime Worlds. Gemu yao ya 2007, Crackdown, ilisifiwa. Ile ya 2010, APB, ilikula miaka na fedha nyingi, ikatoka Juni, na kufikia Septemba kampuni haikuwepo. Watu zaidi ya mia mbili, kati yao wachoraji wenye shahada nzuri tu, walirudi nyumbani na maboksi. Mji wa magunia na saa ulikuwa umeshawahi kuiona asubuhi kama hiyo. Baadhi yao walianzisha vikampuni vya watu wanne watano, na vingine vikadumu.

Nilipokwenda kumwona mpwa wangu nilimweleza yote haya, na la Realtime Worlds sikulificha. Alisikiliza, akauliza jambo moja: "Mjomba, hao watu wa klabu walikuwa wanakutana siku gani?" Sikujua. Akasema katika darasa lao la zamani kuna wawili wanaoandika programu na mmoja anayepiga midundo kwa simu, na hawajawahi kukaa chumba kimoja.

Kisha akachomoa kitabu cha hesabu cha miraba midogo, akazungushia nane kwa nane, akaanza kuchora makanga anayening'inia mlangoni mwa matatu. Kichwa, kofia, mguu mmoja hewani. Mkono wa kushika mlango ukakosa nafasi. Alifuta mara tatu. Dada yangu alipoleta chai alisimama nyuma yake na sinia, akatazama kwa muda, akasema, "Si umtoe hiyo kofia?"

"Mama, makanga bila kofia?"

"Basi toa shingo. Nani huangalia shingo ya makanga?"

Mpwa wangu akafuta shingo. Mkono ukaingia.